Nyota Hazigongani

Picha ninayotaka tuitazame umeshaiona, hata kama hujui jina lake. Viini viwili vya rangi ya manjano vimekaribiana kama macho ya bundi. Pembeni kuna madoa ya bluu na ya waridi, na katikati michirizi ya vumbi la kahawia, kama chai ya maziwa iliyomwagika mezani ikaachwa ikauke. Hizo ni galaksi mbili, NGC 4038 na NGC 4039. Kwa pamoja huitwa Antena, kwa sababu ukizipiga picha ya eneo pana zaidi utaona mikia miwili mirefu iliyopinda kama papasi za mdudu. William Herschel aliziona mwaka 1785 zikiwa ukungu tu kwenye darubini yake. Darubini ya anga ya Hubble ilitupa picha hii maarufu mwaka 2006.

Siku hizi picha hiyo hutembea kwenye status za WhatsApp ikiwa na maneno ya kutia moyo chini yake. Umeachwa? Umefutwa kazi? Nyumbani kumewaka moto? Usijali, hata galaksi hugongana, na kwenye mgongano ndimo nyota mpya huzaliwa. Nimeupokea ujumbe wa aina hiyo kutoka kwa binamu yangu, kutoka kwa group ya kanisa, na kutoka kwa mtu ambaye wakati huo alikuwa ananidai. Kila mara nimejiuliza kama aliyeutuma aliitazama picha yenyewe, au aliitumia tu vile watu hutumia picha ya machweo.

Kwa hivyo nataka tuzisome picha za galaksi zinazogongana vile tungesoma riwaya au filamu: zinafanya nini vizuri, zinaficha nini, na nani ananufaika na kinachofichwa. Sina digrii ya kuninginiza ukutani. Nilisoma fizikia mihula mitatu, karo ikakatika, nikarudi Matisi, na sasa naandika chochote ninacholipwa kuandika, kuanzia maelezo ya mbegu za mahindi hadi barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe singepata. Lakini macho ninayo, na bando ya usiku ni rahisi.

Tuanze na lawama ambayo kila mtu huitoa. Kuna fundi wa simu mtaani kwetu ambaye nilimwonyesha Antena. Aliiangalia sekunde mbili akasema, "Buda, hii ni edit. Mbinguni hakuna rangi hivi."

Yuko sawa nusu. Hubble haipigi picha ya rangi. Hupiga picha nyeusi na nyeupe kupitia vichujio, kila kichujio kikiruhusu aina moja ya mwanga, kisha watu huku chini huzipa picha hizo rangi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Lakini hebu mwambie fundi afungue kamera ya simu yoyote iliyo mbele yake. Sensa iliyo ndani haioni rangi pia. Juu yake kumewekwa vichujio vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na bluu, kisha programu ndiyo inayounda rangi unayoiona kwenye selfi yako. Kama Antena ni edit, basi picha yako ya harusi pia ni edit.

Na rangi za Antena zina maana. Bluu ni nyota changa, kubwa, zenye joto kali, ambazo huishi muda mfupi kwa hesabu za nyota. Manjano ya viini ni nyota za zamani. Waridi ni gesi ya haidrojeni inayong'aa kwa sababu nyota changa zilizo karibu zimeichoma kwa mwanga wao. Kahawia ni vumbi. Mtu aliyejifunza kusoma rangi hizo anaweza kukuonyesha kwa kidole: hapa panazaliwa, hapa pamezeeka, hapa pataanza kuzaliwa. Sioni udanganyifu hapo. Naona uchoraji mzuri wa ramani.

Udanganyifu uko kwenye neno "mgongano".

Kwa Kiswahili kugongana ni kitu cha ghafla. Boda na lori. Vichwa viwili mlangoni. Kuna kishindo, kuna vipande, kisha kuna watu wanaokimbilia kusaidia na wengine wanaokimbilia kuchukua mizigo. Ukisikia galaksi zimegongana unaona nyota zikipasukiana kama mayai. Sasa chukua punje ya mahindi, kitu ambacho Trans Nzoia hatukosi. Tuseme ina upana wa sentimita moja, na hiyo ndiyo Jua letu. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua utaiweka wapi? Watu niliowauliza walisema upande wa pili wa shamba, au Kitale mjini, na mmoja mkarimu akasema Eldoret. Jibu ni karibu kilomita 290. Ukipaa kama ndege kutoka Matisi, unaiweka punje ya pili karibu na Limuru. Kati ya hapa na Limuru hakuna punje nyingine. Sasa mimina mahindi mengine kwa umbali huohuo, yapitishe katikati ya haya ya kwanza, na uniambie ni punje ngapi zitagusana.

Karibu hakuna. Galaksi mbili zenye mamia ya mabilioni ya nyota zinaweza kupitana na nyota zote zikakosana. Jua letu likiwa ndani ya tukio kama hilo, uwezekano mkubwa ni kwamba litapita salama na sayari zake zote, likiwa tu limerushwa kwenye njia mpya.

Mbona basi galaksi zenyewe hukutana mara nyingi? Kwa sababu vipimo vyao ni tofauti kabisa. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Andromeda, jirani yetu mkubwa, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Chapati ya sentimita 30 hapa, na chapati nyingine kubwa kidogo mita saba na nusu kutoka hapo. Nyota zinaishi kama wafugaji, kila mmoja na bonde lake. Galaksi zinaishi kama sisi wa ploti, mlango kwa mlango, na ugali wa jirani unausikia ukisongwa.

Kwa hivyo neno sahihi ni lipi? Kuingiliana lina maana nyingine ambayo mhariri wangu ataiwekea alama nyekundu. Kupitana ni pole sana. Mimi nimezoea kusema zinakorogana, kama maziwa yanapoingia kwenye strungi: ile mistari myeupe inayojipinda kabla kijiko hakijamaliza kazi. Hakuna tone la maziwa lililogonga jani la chai, lakini kikombe kimebadilika na hakirudi kuwa strungi tena.

Hapo ndipo picha za Hubble zinapofeli kama hadithi. Zinatupa kikombe kwa sekunde moja tu. Tarehe 24 Aprili 2008, Hubble ikifikisha miaka 18 angani, zilitolewa picha 59 za galaksi zinazogongana kwa mkupuo. Ni mkusanyiko mzuri sana. Zipo zilizofungana kama ndizi mbili pacha, zipo zilizonyooshwa kama sandarusi, na nyingine zina duara kama jiwe lililotupwa kidimbwini. Ukizipitia zote unaanza kuelewa kwamba unaangalia tukio lilelile katika hatua tofauti, kama mtu aliyeonyeshwa picha 59 za harusi 59 na kuambiwa aeleze ndoa ni nini. Tukio moja huchukua mamia ya mamilioni ya miaka. Hakuna atakayeliona likisogea. Halton Arp alijua shida hiyo mapema. Atlasi yake ya mwaka 1966 ilikusanya galaksi 338 za ajabu bila kuzilazimisha kuwa na maelezo, na kwa kweli maelezo aliyoyapendelea mwenyewe hayakuja kukubalika. Kama kitabu cha picha, bado inashinda nyingi za leo, kwa sababu haikujaribu kukufurahisha.

Kazi ninazozipenda zaidi katika jambo hili zote hazina rangi.

Ya kwanza ni ya mwaka 1941. Erik Holmberg, mtu wa Lund kule Uswidi, alitaka kujua galaksi mbili zikipitana kutatokea nini, na kompyuta ya kumfanyia hesabu hiyo haikuwepo. Akachukua balbu 74. Akazipanga juu ya meza makundi mawili, 37 huku na 37 kule, kila kundi likiwa galaksi. Ujanja wake ni huu: mwanga hupungua kwa kanuni ileile ya nguvu ya mvutano. Ukienda mbali mara mbili, unabaki na robo. Kwa hivyo ukipima mwanga unaofika mahali balbu moja ilipo kutoka kwa balbu zingine zote, umepima pia namna nyota hiyo inavyovutwa. Alipima, akasogeza balbu kidogo, akapima tena, akasogeza. Galaksi ya balbu! Nikifikiria bili ya stima ya siku hizi nacheka, lakini kwa kweli sijui kazi ya sanaa ya karne iliyopita inayoizidi ile meza kwa uzuri. Kila taa ilikuwa nyota na wakati huohuo ilikuwa kipimo.

Ya pili ni ya mwaka 1972. Ndugu wawili waliozaliwa Estonia, Alar na Juri Toomre, walichapisha makala kuhusu madaraja na mikia ya galaksi. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba mikia mirefu myembamba kama ile ya Antena inaweza kutengenezwa na mvutano peke yake. Ndugu hawa walitumia kompyuta ya wakati wao na nukta chache. Walichora galaksi kama duara za nukta nyeusi kwenye karatasi nyeupe, wakazipitisha kando ya kila moja, wakachora hatua kwa hatua. Na mikia ikatokea. Ni jambo lilelile ambalo mtu wa Malindi huliona kila siku maji yakijaa na kupwa. Mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu kuliko ulio mbali, na bahari hunyooka. Galaksi inayokaribia hufanya hivyo kwa nyota: zilizo karibu zinavutwa zaidi, za upande wa pili zinaachwa nyuma, na kwa kuwa zote zilikuwa tayari zinazunguka, zinarushwa nje kama tope la tairi la boda kwenye barabara ya Matisi mwezi wa Mei.

Zile nukta za Toomre hazitapata likes. Lakini ukiziangalia kwa mpangilio wake unaelewa kwa nini Antena ina mikia, na hakuna kitu kwenye picha ya mwaka 2006 kinachokuambia hivyo. Uzuri wa picha ya Hubble unafika jichoni mara moja na kukaa hapo. Uzuri wa Toomre unafika kwa kuchelewa, ukifika umekuja na sababu yake. Nikiambiwa nichague moja ya kuning'iniza kwenye chumba changu cha mabati, nachagua nukta.

Sasa, haitakuwa haki kusema hakuna kinachogongana kabisa. Nyota hukosana, gesi haikosani. Gesi imetanda kila mahali kati ya nyota, na mawingu yake yanapokutana yanabanana kwelikweli, yanapata joto, yanaporomoka ndani na kuzaa nyota kwa wingi. Lile bluu la Antena limetoka huko. Na kwenye habari hii ya gesi Kenya ina kipande chake ambacho mimi sikufundishwa darasani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei tu. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru. Katika miaka yake miwili na kitu ya kazi, Uhuru ilituachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ndiyo baadaye ilitusaidia kuona makundi mazima yakipigana kumbo: galaksi zinapita, gesi inakwama katikati ikiwaka eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hivyo kama kuna kishindo kwenye migongano hii, mojawapo ya masikio ya kwanza kukisikia ilikuwa na jina la Kiswahili, na ilipaa ikipita juu ya bahari ya Pwani yetu.

Lakini hiyo gesi pia ndiyo inayoiharibu sentensi ya WhatsApp. Ni kweli nyota huzaliwa. Kisha? Gesi huisha. Nyingine imegeuka nyota, nyingine imepashwa joto hadi haiwezi kuporomoka tena, nyingine imepulizwa nje. Galaksi mbili zenye mikono mizuri ya mzunguko huishia kuwa mviringo mmoja wa manjano usio na umbo la kusimulia, wenye nyota za zamani na watoto wachache mno. Anayekutumia Antena akisema ona mgongano ulivyozaa, amesimamisha filamu kwenye dakika ya bluu. Angeiacha iendelee, ujumbe wake ungekuwa mwingine kabisa.

Mnaweza kuniuliza kwa nini nakasirikia caption. Sababu ni mahali ninapoandikia. Trans Nzoia ni kaunti ya watu waliokuja. Mashamba ya wazungu yalipogawanywa, watu walitoka Bungoma, Kakamega, Kiambu, Turkana na kwingineko, wakawakuta waliokuwepo, na Matisi ni mkorogo wa hao wote ndani ya mabati yanayogusana. Wazee hapa hawasemi machafuko ya mwaka 1991 na 1992. Husema klashes, neno la Kiingereza ambalo limekaa hadi likawa la nyumbani: huyu alizaliwa kabla ya klashes, ng'ombe zile zilienda na klashes. Halafu ukaja mzozo wa Mlima Elgon, halafu uchaguzi wa Desemba 2007. Zile picha 59 za Hubble zilipotolewa Aprili 2008, wakimbizi wa ndani walikuwa bado kwenye mahema Kitale na Endebess. Nilikuwa mtoto wa shule, na darasani tulikuwa tumeongezeka ghafla, watoto watatu kwa dawati la wawili, na hakuna aliyeuliza wapya walitoka wapi.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia galaksi zikitumiwa kutuhubiria kwamba migongano huzaa mapya. Galaksi zinaweza kupitana zikawa nzuri kwa sababu moja tu: kati ya nyota na nyota kuna nafasi ya kutoka Matisi hadi Limuru. Hakuna anayeguswa. Watu hawana nafasi hiyo. Kati ya mlango wangu na wa jirani kuna hatua nne na kamba ya nguo. Kuuchukua utulivu wa kitu kisichogusana na kuupaka juu ya watu waliochomewa nyumba ni kuwatukana, hata kama picha ni nzuri, na hasa kwa sababu picha ni nzuri.

Haimaanishi tuache kuzitazama. Inamaanisha tuzitazame kwa ukali zaidi. Chukua picha nyingine iliyosambaa sana, Kundi la Tano la Stephan, ambayo darubini ya James Webb iliitoa kati ya zile zake za kwanza Julai 2022. Galaksi tano zimesongamana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Kumbe moja, ile ya kushoto, hata haiko kwenye gari. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 40 hivi, na zingine nne ziko karibu milioni 290. Imesimama tu mbele ya kamera. Picha haina njia ya kukuambia hivyo, kwa sababu anga halina kina machoni petu. Hapo Webb haijadanganya, ila imekuachia kazi, na ukiijua siri hiyo picha inakuwa bora zaidi: wanne wanaovutana kweli, na mmoja mpita njia aliyehesabiwa kwenye ugomvi usiomhusu. Hilo kwangu ni tamthilia.

Kazi niliyoipenda kidogo zaidi ni ule mfululizo wa mwaka 2012. Watafiti walikuwa wametumia Hubble kupima mwendo wa Andromeda wa kando, ambao ulikuwa haujulikani vizuri. Kwamba inatukaribia ilijulikana tangu Vesto Slipher alipopima mwaka 1912. Ukiondoa mwendo wa Jua lenyewe, ni karibu kilomita 110 kwa sekunde, yaani Kitale hadi Nairobi kwa sekunde tatu na nusu bila kusimama Nakuru kula mahindi. Wakatangaza kwamba itatugonga uso kwa uso baada ya miaka bilioni 4 hivi. NASA ikachora anga la usiku litakavyokuwa: Andromeda inakua, inajaza anga, kila kitu kinawaka, kisha mviringo mmoja mkubwa unang'aa juu ya ardhi yenye giza.

Ni michoro ya kuvutia, na ina shida mbili. Kwanza, ile ardhi. Jua linaongeza mwanga polepole, na baada ya miaka bilioni moja au zaidi kidogo dunia itakuwa na joto lisiloacha bahari. Mchoro umetuwekea kiti cha mbele katika ukumbi ambao utakuwa umefungwa zamani. Pili, ile hakika. Mwaka 2025 timu iliyoongozwa kutoka Helsinki ilirudia hesabu kwa vipimo vipya vya Hubble na vya setilaiti ya Gaia, ikaingiza pia mvuto wa galaksi mbili ndogo zaidi za jirani, M33 na Wingu Kubwa la Magellan. M33 inaongeza uwezekano wa kugongana, Wingu Kubwa linaupunguza. Jibu lao: ndani ya miaka bilioni 10 ijayo, ni kama kurusha sarafu. Nusu kwa nusu. Vichwa vya habari vya mwaka 2012 vilikuwa vya hofu na vya mwaka 2025 vikawa vya nafuu, ati tumeponea. Kwani tuliponea nini? Punje hazikuwa zinagusana tangu mwanzo.

Jambo ambalo wengi waliliruka kwenye hesabu hiyo ya mwaka 2025 ndilo linalotuhusu sisi wa huku zaidi. Wingu Kubwa la Magellan lenyewe, lililo umbali wa miaka ya nuru 160,000 tu, karibu hakika litamezwa na Njia Nyeupe, na muda unaotajwa ni kama miaka bilioni 2. Tayari yeye na mdogo wake, Wingu Dogo, wamevutana hadi wakamwaga mkondo mrefu wa gesi unaopita sehemu kubwa ya anga la kusini. Mkorogano umeshaanza. Hauhitaji Hubble kuuona. London hawauoni kamwe, kwa sababu Mawingu hayo hayachomozi huko. Cape Town wanayaona vizuri, lakini Andromeda kwao imeinama chini kaskazini. Sisi tuko digrii moja tu juu ya ikweta, na kuna saa chache kwa mwaka ambapo pande zote mbili za habari hii zinasimama kwa mstari mmoja juu ya paa zetu.

Ukitaka kwenda, nenda mwishoni mwa Novemba, mahindi yakiwa yameshavunwa na hakuna kinachokuziba, usiku usio na mwezi, kama saa tatu. Ondoka penye taa ya mulika mwizi. Geukia kaskazini, upande wa Kapenguria, na uangalie juu kidogo ya nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Kuna doa hafifu lililorefuka, ambalo al-Sufi wa Uajemi aliliandika mwaka 964 kama wingu dogo. Hiyo ni Andromeda, na mwanga unaokufikia ulitoka huko kabla ya kuwepo mtu wa aina yetu. Kisha zunguka uangalie kusini, upande wa Kakamega. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na upande ngumi moja na nusu kutoka kwenye upeo. Wingu Dogo liko hapo, hafifu kama moshi wa jikoni kwa mbali. Wingu Kubwa bado litakuwa karibu na ardhi upande wa kusini-mashariki. Mpaka saa sita usiku litakuwa limepanda vya kutosha. Zima simu angalau dakika 20 macho yazoee giza, na ubebe sweta, kwa sababu baridi ya Kitale saa hizo haina utani.